Siku Niliyopiga Mwano

Mgomo wa malori ulipoanza, mimi nilicheka. Niliusikia redioni asubuhi nikiwa nakoroga uji wa wachimbaji, kwamba madereva wa malori nchi nzima wamezima magari na hawatayawasha mpaka wasikilizwe. Nikasema kwa sauti ili wateja wangu wasikie, "Waache walale kidogo, na sisi tuvuke barabara bila kukimbia." Watu wakacheka. Kibanda changu cha chakula kilikuwa jirani na lami, nje kidogo ya Bugarama, na miaka yote malori yalikuwa yakinirushia vumbi kwenye masufuria. Sikuwa na huruma nayo hata chembe.

Siku ya tatu sikucheka tena. Vitunguu vilikwisha sokoni, unga wa ngano ukaisha, chapati zikawa hadithi. Sabuni ya kufulia ilikuwa inakatwa vipande vidogo kama dawa ya minyoo. Mchele tulikuwa nao, tena wa kwetu, umejaa maghalani, ila hapakuwa na gari la kuupeleka unakonunuliwa, kwa hiyo mkulima alikaa juu ya magunia yake akitafuta chumvi. Nilimuuliza mwenye duka ninayetaniana naye kila siku kama mafuta ya kula yamebaki, akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Siku ya nne vituo vya mafuta vikafunga kamba mbele ya pampu. Hapo ndipo machimbo yalipoanza kunyamaza. Karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu ambazo kelele zake ndizo saa yetu huku, zilizimika moja baada ya nyingine. Sikuwahi kujua kwamba nazihitaji zile kelele mpaka nilipoanza kusikia kuku wa jirani. Wachimbaji walikuwa na viroba vya mawe na hawana pa kuvisaga, na mchana walikuja kwangu wakaagiza uji mtupu, wakauinamia bila stori.

Malori yenyewe yalikuwa yamejipanga kwenye uwanja mpana kando ya barabara, karibu arobaini, yakiwemo mawili ya ng'ombe. Ng'ombe walilia siku moja na nusu. Wazee wa Kisukuma wakashindwa kuvumilia, wakaenda na fimbo zao wakawaambia madereva kwa adabu kabisa, "Sisi hatugombani na mgomo wenu, lakini ng'ombe hawajagoma." Ng'ombe wakashushwa, wakapelekwa lamboni kunywa maji. Tulilizungumza jambo lile siku nzima, tukasema kumbe hawa watu wa malori wana utu.

Mume wangu alikuwa mchimbaji. Alizaliwa Samuye, mimi Didia, sote wawili Wasukuma, na tulikutana huku kwenye dhahabu kama wengi. Alifanya kazi kwenye duara, yaani shimo la wima lenye kina kirefu, ambalo chini kabisa linapinda na kufuata mwamba. Huko chini hewa haifiki yenyewe. Inasukumwa na feni kupitia mpira mpana, feni inaendeshwa na jenereta, na jenereta inakunywa dizeli. Asubuhi ya siku ya sita tuligombana kwa sababu hiyo. Nilimwambia asishuke, dizeli ya mwenye duara inakwisha, na mawe yenyewe hakuna pa kuyasaga. Akasema ipo ya kutosha leo, na mawe hayaozi. Nikamwambia aende basi, kichwa chake kigumu kama anachokichimba. Hayo ndiyo maneno niliyomuaga nayo.

Saa nne kifusi kikashuka. Mwenzake aliyekuwa mbele alitoka akiwa mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Mume wangu akabaki nyuma ya udongo, mwishoni kabisa mwa njia.

Nilifika duarani na mwiko mkononi, sikumbuki kwa nini niliubeba. Wanaume walikuwa wanashuka na kupanda na ndoo za udongo. Mungu alikuwa ameacha jambo moja: mpira wa hewa ulikuwa haujakatika. Ulipita juu ya kifusi mpaka kule alikokuwa, na sauti ilipita humo humo. Lakini ili kumsikia ilibidi feni izimwe, na ikizimwa hapumui sawasawa. Waliizima mara moja kwa ajili yangu. Nikaweka mdomo kwenye mpira nikamwita baba watoto.

"Mama watoto," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliye mbali sana. "Mguu umebanwa."

"Wanakuja kukutoa. Usiongee. Pumua."

"Hewa ikikata..."

Nikawapungia mkono waiwashe feni. Sikutaka asikie nikilia.

Mwenye duara alichovya kijiti kwenye tangi la jenereta, akakitoa. Kilikuwa kimelowa urefu wa ukucha. Akasema ni dizeli ya saa mbili tu, labda na kidogo. Waokoaji walikuwa wamepigiwa simu wako njiani kutoka mjini, na wale wa ndoo walisema kwa kifusi kile hawafiki kabla ya jioni. Kila mtu alikuwa anapiga simu kutafuta dizeli, na kila simu ilijibiwa hakuna. Kisha mmoja wa wale wa ndoo, jasho likimtiririka, akasema, "Dizeli iko kwenye malori. Yale yamesimama na matangi yamejaa."

Sikungoja mwingine aseme. Nilichukua dumu langu la bluu la lita ishirini, nikapanda baiskeli. Baiskeli naendesha tangu Didia, tena na gunia nyuma.

Kwenye uwanja wa malori walinipeleka kwa kamati yao, watu watano waliokuwa wamekaa juu ya matairi kwenye kivuli cha gari. Mwenyekiti alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, anaongea kama mwalimu. Nikamweleza yote bila kupumzika. Alinisikiliza, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Pole mno," akasema. "Nikuoneshe kitu." Akanipeleka kwenye gari la karibu. Kifuniko cha tangi la dizeli kilikuwa kimefungwa kwa waya, na juu yake wamebandika karatasi yenye sahihi. "Magari yote yako hivi. Matajiri wenye magari wanatuita wezi wa mafuta. Kila tukidai mkataba, wanasema hawa si wananyonya dizeli na kuuza njiani? Tumeapa kwamba siku mgomo ukiisha tutafungua hizi waya mbele yao, na isipungue hata lita. Ikipungua, madai yetu yamekufa, nchi nzima."

"Ng'ombe mliwashusha," nikasema. "Mume wangu ana thamani gani, chini ya ng'ombe?"

Akainama. Nadhani lilimuuma, na nilitaka limuume. Akasema atapiga simu Isaka, viongozi wao waamue, wakikubali tu watanijazia dumu mpaka juu. Akapiga. Mtandao haukushika. Akapiga tena. Akatembea mpaka upande wa pili wa uwanja akiwa ameinua simu juu. Mimi nilisimama pale na dumu tupu nikihesabu dakika kwenye saa ya mtu mwingine, na kila dakika nilikiona kile kijiti na ule urefu wa ukucha.

Kulikuwa na dereva mmoja mzee kuliko wenzake, mwembamba, ana kofia ya kufuma, lafudhi ya Tanga. Hakuwa kwenye kamati. Muda wote alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akaja karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Dada, dumu liache papo hapo. Wewe nenda kakae kivulini, upoze moyo."

Upoze moyo! Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia akapoze wa kwake, si mke wake aliye chini ya udongo. Akatikisa kichwa tu. Nilidhani ananifukuza kwa lugha ya pwani, ile ya kumwambia mtu ondoka huku umemkaribisha. Nikalitupa dumu chini mbele yake, nikatembea mpaka ukingoni mwa barabara, na hasira ilikuwa imenijaa mpaka masikio yanavuma.

Hapo nikafanya nilichofanya.

Sisi Wasukuma tuna mwano. Ni yowe la hatari, sauti ndefu inayopanda na kukatika, kupanda na kukatika. Anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua fimbo, anaupokeza kwa mwingine na kukimbilia ulikotokea. Si hiari. Asiyetoka ataulizwa na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Nilipokuwa mtoto Didia, baba alikuwa akiacha ugali umemegwa mkononi. Na kwa sababu una nguvu hiyo, mwano haupigwi ovyo. Unapigwa kwa wezi wa ng'ombe, kwa wauaji, kwa watu waliovamia mji wa mtu. Mtu akiwa na shida ya kawaida anaita majirani, hapigi mwano. Hilo nalijua tangu sijajua kuandika, na siwezi kujitetea kwamba nilisahau. Nilichotaka ni watu waje wengi, wenye fimbo, ili wale madereva waogope na kunipa dizeli.

Nikavuta pumzi nikaupiga.

Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Madereva waligeuka kunitazama. Mwenyekiti akasimama na simu yake sikioni. Mara ya pili ukapokewa kutoka mashamba ya upande wa kusini, kisha kutoka kwenye nyumba za nyuma ya soko, kisha ukawa unaitikiana huko na huko, na mimi nilikuwa nimeshanyamaza. Nikawaona wanakuja. Walikuja wakikata mashamba, wanaume, wanawake, wengine na majembe, wengi na fimbo. Ndipo nilipojua kwamba kitu nilichokitoa kinywani hakirudi.

Madereva wengi walikuwa watu wa mbali. Walipoona umati unakimbia kuelekea kwao wakadhani wanakuja kupora malori. Wengine wakaruka ndani na kufunga milango, wengine wakakimbia kuelekea sokoni.

"Mwizi yuko wapi?" mtu wa kwanza kunifikia aliniuliza huku anahema.

Nikafungua mdomo.  Kabla sijasema neno, sauti ikapaa kutoka nyuma ya lori la tatu.

"Huyu hapa! Ananyonya mafuta! Huyu hapa!"

Nikakimbia na wenzangu. Nyuma ya lori, mahali ambapo kamati isingeona, waya wa tangi ulikuwa umekatwa na karatasi iko chini. Yule mzee wa Tanga alikuwa amechuchumaa, kofia imeanguka, mpira mwembamba mdomoni, na mbele yake dumu langu la bluu likiwa limeingia dizeli zaidi ya nusu.

Fimbo ya kwanza ilimkuta angali ananyonya. Niliona koo lake likimeza. Ya pili ilimpata mkono aliouinua, na mlio wake niliusikia waziwazi. Nikapiga kelele, "Lekagi! Lekagi! Mwacheni, si mwizi, ni yangu, ni dizeli yangu!" lakini nani angenisikia, watu wote walikuwa wanasema mwizi, mwizi. Nikajirusha juu yake. Fimbo mbili zilinipata mgongoni kabla watu hawajatambua kwamba aliye juu ya mwizi ndiye aliyepiga mwano.

Fimbo zikashuka. Kamanda wa sungusungu, mzee ninayemwamkia kila siku akipita kibandani kwangu, akasogea.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi, baba."

"Mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi. Mume wangu yuko chini, amefukiwa, na hewa inakwisha. Huyu alikuwa ananipa dizeli."

Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima ninayemheshimu. Hakunigombeza. Alimtazama mzee aliyelala chini, anakohoa, povu lenye harufu ya dizeli likimtoka puani, mkono umelala vibaya. Akasema taratibu, "Peleka mafuta kwanza. Yako mengine tutazungumza."

Mwenyekiti wa madereva alikuwa amefika. Aliitazama ile karatasi chini, akamtazama mwenzake. Kisha akachukua koleo kutoka kwenye lori lake mwenyewe, akakata waya wa tangi lake. Madereva wengine wawili wakafanya hivyo hivyo. Madumu manne yalikwenda duarani siku ile kwa pikipiki ambayo mafuta yake sijui yalitoka wapi. Walimimina dizeli kwenye jenereta ikiwa imeshaanza kukohoa. Kama saa kumi na moja hivi, waokoaji wakiwa wamefika na wale wa ndoo hawasimami tena kwa uchovu, mume wangu akatolewa akiwa hai, mguu umesagika, anaita maji.

Nililia kwa furaha mbele ya watu wote na sikuona aibu. Aibu ilikuja baadaye.

Mgomo uliendelea siku tatu nyingine, kisha ukaisha kwa makubaliano tuliyoyasikia redioni bila kuyaelewa. Vitunguu vikarudi, karasha zikaanza kupiga kelele, na wateja wangu wakaagiza nyama. Lori la yule mzee lilichukuliwa na dereva mwingine aliyeletwa na basi. Watu waliokuwapo uwanjani walisema tajiri wake hakutaka kusikia habari ya duara wala ya mtu aliyefukiwa. Tangi lilipungua, basi, na waya umekatwa. Mwenyekiti alimtetea, naye pia akasimamishwa kazi. Wazee wa sungusungu waliniita, wakanisikiliza, wakaniambia kwa sababu ya mume wangu wamenisamehe. Niliwaomba wanipe adhabu yoyote. Wakasema nirudi nyumbani nikauguze.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho yake asubuhi, nilikwenda kituo cha afya na chupa ya uji. Wodi ya wanaume ilikuwa moja tu, ndogo. Mume wangu alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa. Kitanda cha pili kutoka kwake alikuwa yule mzee wa Tanga, mkono umewekewa mbao, anapumua kwa shida kwa sababu dizeli ilikuwa imeingia mapafuni. Muuguzi aliniambia nisimsemeshe sana. Ningeweza kupita. Nilisimama mbele ya kitanda chake, na yeye ndiye aliyeanza.

"Dada. Shemeji ametoka?"

"Ametoka, shikamoo. Yule pale."

Akageuza kichwa, akamwona, akatabasamu. "Alhamdulillahi." Akapumzika, akakusanya pumzi. "Maana mimi, ile sauti yako nilipoisikia, niliishiwa nguvu. Nikasema basi, kaletewa habari, mume kafa. Kwetu mwanamke akilia vile ni msiba." Akakohoa, muuguzi akatutazama. "Wenzangu walikimbia. Mimi nikasema labda bado, labda nikifanya haraka atawahi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote."

Nilishika ile chupa ya uji kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni, ni neno moja tu, lina silabi mbili.

"Ulikuwa unalia, sivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nalia."

Akafumba macho, ameridhika. Nikageuka kumpelekea mume wangu uji. Alikuwa macho. Watu wa duarani walikuwa wameshapita alfajiri kumjulia hali na kumsimulia yote, na yeye ni mtoto wa Samuye, mwano na kilio anavitofautisha. Alinitazama, na uji hakuupokea.